Glavu za Dereva wa Lori: Zichaguliwe kwa Mzigo na kwa Kiganja

Nyumba nyingi za pwani yetu hula kwa jasho la lori. Mume, kaka au mwana hupakia Kilindini, hupita Mariakani na kushika njia ya Nairobi hadi Malaba, na kazi yake si usukani peke yake. Hukaza mikanda na minyororo, hukunja turubai, hufungua makomeo ya kontena yaliyochomwa na jua, na aghalabu humsaidia utingo kushusha magunia. Arudipo nyumbani, wa kwanza kuviona viganja vilivyochanika ni mkewe au mamake, na mara nyingi ndiye huyo huyo apitaye sokoni kumnunulia glavu. Kwa hivyo, akina mama, maneno haya ni yenu kama yalivyo ya dereva.

Kosa lililoenea ni kuchagua kwa bei pekee. Glavu nyeupe za pamba zafaa kwa maboksi makavu, lakini waya wa chuma uliokatika uzi mmoja hupenya humo kama sindano kwenye leso. Jeraha dogo lenye uchafu laweza kuleta pepopunda, maradhi yenye kuua. Na kibarua aliyelala na mkono uliofungwa bendeji hana wa kumlipa siku hizo.

Basi tuanze na mzigo. Abebaye nondo, mabati, mbao au minyororo atafute ngozi. Ngozi ya ng'ombe ni nene na huvumilia msuguano. Ya mbuzi ni laini zaidi, nayo ni imara, na vidole huweza kufunga fundo la kamba bila kuvua. Kwa mizigo yenye mafuta, zafaa glavu za kitambaa zilizochovywa nitrili. Zilizochovywa mpira wa asili hushika vyema penye maji, ila mafuta na dizeli huulainisha mpira huo na kuuharibu.

Hapa pana mas'ala yatuhusuyo sisi hasa. Baadhi ya glavu za kazi hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, kwa kuwa haikakamai upesi baada ya kulowa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ngozi ya mnyama hutoharika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Na mkono ulio ndani ya glavu hutoka jasho, na unyevu ndio uhamishao najisi. Kwa hivyo soma kibandiko na umuulize muuzaji. Ngozi ya nguruwe, ukiitazama upande wake wa juu, huonyesha vitundu vya vinyweleo vilivyokaa vitatu vitatu.

Kisha tazama mshono, na katika hili mwenye kushona nguo ana jicho kumshinda dereva. Uvute taratibu: ukiona matundu yakifunguka, uache. Kiganja kiwe na tabaka la pili, na hasa pale kati ya gumba na kidole cha shahada, maana ndipo glavu huanza kutoboka. Glavu zilizopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 388 huwa na alama ya nyundo na tarakimu chini yake. Ya kwanza ni ya kustahimili msuguano, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanika, ya nne kutobolewa. Ya pili hufika 5, nyingine hufika 4. Kadiri tarakimu ilivyo kubwa ndivyo kinga ilivyo kubwa. Herufi X maana yake ni kuwa kipimo hicho hakikufanywa.

Kipimo cha mkono nacho ni chepesi. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kiganja, bila gumba. Ukipata inchi 8, nunua namba 8. Glavu pana hunaswa na ndoano. Yenye kubana huchosha mkono, na mwenyewe huishia kuivua.

Glavu ya ngozi ikilowa ianikwe kivulini, isiwekwe juani wala karibu na moto, kwani hukauka ikapasuka. Ikishatoboka, itupwe. Na dereva aivue akaribiapo feni au mkanda wa injini inayozunguka, kwani kitambaa kikinaswa huvuta na mkono.

Mwisho, mzigo huu si wa mke peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kutoa mavazi ya kinga, zikiwemo glavu panapohitajika. Aliyeajiriwa aziombe kwa adabu wala asione haya. Anayejitegemea naye azihesabu pamoja na dizeli na magurudumu katika gharama za safari, kabla pesa za matumizi hazijafika nyumbani.