Kusugua ngozi: Si kila weusi ni nongo

Usafi tumefundishwa tangu madrasa: kutawadha, kuoga, kukata kucha, kunyoa. Leo tuzungumzie jambo linalofanyika karibu kila nyumba bila mtu kuuliza, nalo ni kusugua ngozi. Wapo wanaotumia dodoki, wapo wa jiwe, wapo wa singo. Na wapo wanaosugua mpaka ngozi ikawaka moto, wakidhani huo ndio usafi wenyewe.

NONGO NI NINI?
Ngozi ya juu hujibadili yenyewe. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda taratibu, hufa, kisha hupukutika. Kwa mtu mzima safari hiyo huchukua wiki nne hivi, na huwa ndefu zaidi umri unapokwenda. Nongo unayoiona ikijiviringa chini ya vidole ni chembe hizo zilizokufa, zikichanganyika na jasho, mafuta na vumbi.

Kwa hiyo anayesugua anaisaidia tu ngozi kufanya kazi yake. Mara moja au mbili kwa wiki yatosha. Siku nyingine maji na sabuni vinatosha.

KILA KIUNGO NA HAKI YAKE
Ngozi haina unene mmoja. Tabaka la juu kwenye kope halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, lakini kwenye unyayo hufika milimita moja na nusu. Basi kinachofaa unyayoni hakifai usoni.

Uso: Tumia vidole au kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu. Chumvi, mchanga na sukari ya chengachenga huchana ngozi. Mwenye chunusi asisugue kabisa, kwani huzieneza na kuacha madoa. Aidha, ndimu ni hatari: ukiipaka kisha ukatoka juani, ngozi yaweza kuungua na kubaki na mabaka meusi.

Mikono, miguu na mgongo: Hapa ndipo mahali pa dodoki. Lowesha mwili kwanza, sugua kwa mkono mwepesi, kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Dodoki likining'inia bafuni likiwa bichi huwa makazi ya vijidudu. Lianike, libadilishe mara kwa mara, na kila mtu awe na lake.

Singo: Mila hii ya kumsinga bibi harusi ni nzuri. Lakini karafuu na manukato huwasha baadhi ya ngozi, hivyo jaribuni kidogo kwenye mkono siku moja au mbili kabla. Na msimpake piko kwenye ngozi iliyotoka kusuguliwa. Piko ni dawa ya nywele, na wengi imewatoa malengelenge.

Kwapa na kinena: Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba nywele za sehemu hizi zisiachwe zaidi ya siku 40. Ukishanyoa, usisugue kwa siku mbili au tatu, maana wembe wenyewe umekwishaondoa ngozi ya juu. Ama sehemu za siri, maji yanatosha. Hazihitaji dodoki wala singo.

Visigino: Unyayo hauna tezi za mafuta, ndiyo maana hukauka na kupasuka magaga. Nasi tunajua jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoonya juu ya visigino visivyofikiwa na maji ya udhu. Loweka miguu dakika kumi, sugua taratibu kwa jiwe, kausha vizuri hasa katikati ya vidole, kisha paka mafuta mazito baada ya Isha na uvae soksi. Alfajiri yaoshe kwa sabuni kabla ya kutawadha. Usichonge gaga kwa wembe.

Sugu la sijda: Alama ya paji la uso, na ile ya kifundo cha mguu tunaokalia katika tahiyatu, hutokana na msuguano. Kuisugua ni kuongeza msuguano juu ya msuguano. Tandika mswala laini na upake mafuta.

WEUSI USIOTOKA
Hapa ndipo penye jambo kubwa, ndugu msomaji. Ngozi yetu nyeusi ikiumizwa hujibu kwa kuongeza weusi. Anayesugua viwiko na magoti ili viwe vyeupe huvizidishia weusi, kisha hukimbilia mkorogo. Baadhi ya mikorogo ina zebaki, nayo huharibu figo.

Tena upo weusi wa shingoni na kwapani, mzito, laini kama mahameli. Mara nyingi mzazi humleta binti amechubuka shingo, akilalamika kwamba mtoto haogi vizuri. Mtoto anaoga! Weusi huo si nongo. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa kuitumia insulini ipasavyo, hasa kwa mwenye uzito mkubwa, na kisukari chaweza kufuata. Dawa yake haipo kwenye dodoki. Mpeleke akapimwe sukari, mpunguzieni soda na vyakula vya mafuta, naye autembeze mwili.

NANI ASISUGUE?
Mtoto mchanga, mwenye ukurutu, mwenye kidonda au fangasi. Na mwenye kisukari asiguse miguu yake kwa jiwe wala wembe: mishipa ya fahamu ikishaharibika hasikii maumivu, na mchubuko mdogo waweza kuishia kukatwa mguu. Aoshe, akaushe, apake mafuta isipokuwa katikati ya vidole, na akague nyayo kila siku. Wakati wa udhu ni fursa nzuri. Akiona kidonda aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mwili ni amana, na dini yetu haituruhusu kujidhuru kwa jina la usafi. Jioni hii kabla ya kuswali Magharibi, tazama shingo za wanao na nyayo za wazee wako.

Wabillahi tawfiq.