Mota ya Bendisoo Imeungua? Usikimbilie Kubwa Kabla Hujahesabu Spidi

Najua mmezoea nikiwaandikia viwavijeshi, mbegu za mahindi na kupogoa michungwa. Leo naandika mota. Kuna watakaosema bwana shamba kapotea njia, lakini mwenye mitiki shambani asome mpaka mwisho, maana tangu mwezi uliopita simu za jambo hili zimekuwa nyingi kuliko za mahindi.

Kuna kikundi cha wapanda miti upande wa Muheza, majina nayaacha. Mitiki yao ina miaka kumi na minne, imebanana, inataka kupunguzwa. Dalali akija anataka mti uliosimama, na bei anayotaja haitoshi hata kumnunulia mtoto sare za shule. Wakaona bora wapasue wenyewe, wauze mbao na miguu ya meza huku mjini. Wakapata bendisoo ya zamani, msumeno wa mkanda, kutoka karakana ya shamba la mkonge iliyofungwa siku nyingi. Ni ya chuma cha kumimina, magurudumu mawili ya inchi 30, mota ya HP 3. Mashine kama hizi zimezagaa ukanda huu wetu wa Tanga, zilikuja na mkonge zikabaki, na nyingi ni nzima kuliko mashine mpya za bati.

Siku moja mwenyekiti akanipigia: "Bwana shamba, mota imetoa moshi." Nikamjibu kwa haraka, na jibu lile najutia mpaka leo. Nilimwambia, "Mzee wangu, ile ilikuwa ndogo. Tafuteni kubwa." Basi. Sikuuliza spidi, sikuuliza puli. Diploma yangu ni ya kilimo, lakini nilijifanya fundi.

Wakatafuta. Wakapata ya HP 7.5 iliyokuwa inasukuma pampu ya maji, bei poa. Wakafunga puli ileile ya zamani, wakawasha. Kijana aliyekuwa anasukuma mbao aliniambia mashine ilipiga kelele kama filimbi. Dakika ya pili msumeno ukakatika, ukachomoka juu, ukampiga mkono kuanzia kiwiko. Nyuzi kumi na moja. Vidole vinafanya kazi, tunamshukuru Mungu, ila angekuwa amesimama hatua moja kulia tungekuwa tunaongea mengine.

Tatizo halikuwa nguvu

Nilipofika nilisoma kibati cha mota. Spidi 2,880 kwa dakika. Ile ya zamani ilikuwa 1,420. Mota za pampu nyingi ni za kasi, na kwa macho hutaitofautisha na nyingine. Umeme wetu ni wa herzi 50, kwa hiyo mota ya fezi tatu inazunguka takriban 2,880, au 1,440, au 960, au 720, kutegemea ilivyosukwa ndani. HP haikuambii spidi. Lazima usome kibati, na kama kibati kimeng'olewa, mpe fundi umeme aipime kabla hujatoa pesa.

Sasa tupige hesabu pamoja, chukua karatasi. Gurudumu la inchi 30 ni kama milimita 762. Ukizidisha na 3.14 unapata mita 2.39, huo ndio urefu msumeno unaosafiri gurudumu likizunguka mara moja. Puli ya mota ilikuwa na upana wa milimita 125, ya gurudumu 300. Mota ya 1,440 ukizidisha kwa 125 ukagawa kwa 300 unapata gurudumu linalozunguka mara 600 kwa dakika. Msumeno unakwenda mita 1,434 kwa dakika, karibu mita 24 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya kawaida ya bendisoo ya seremala. Ile mota ya pampu kwa puli zilezile ikapeleka gurudumu mizunguko 1,200. Mita 48 kwa sekunde!

Na kasi ikiwa mara mbili, ile nguvu inayotaka kulipasua gurudumu kutoka ndani kwenda nje haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Chuma cha kumimina hakipindi kikakuonya, kinapasuka tu. Msumeno kukatika kwanza ilikuwa bahati yetu, gurudumu lingefuata.

Kwa hiyo kabla hatujagusa kitu kingine tulifungua magurudumu yote mawili, tukayasafisha kwa dizeli, tukayaninginiza kwa kamba na kuyagonga taratibu kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa kinalia doo, kama chungu kilichopasuka. Yetu yalilia vizuri. Tukayapekua tena kwenye mikono na karibu na kitovu kwa tochi. Kama lako lina ufa usiliunge kwa kulehemu, hata fundi akikuapia.

Kilichoiua mota ya kwanza

Hapa ndipo nilipoona aibu zaidi. Ile mota ya HP 3 haikuungua kwa udogo. Siku hiyo fezi moja ilikuwa imekatika nje kwenye laini, wakawasha, mota ikanguruma bila kuzunguka, kijana akashikilia swichi akidhani "inajikusanya". Dakika chache koili zikaungua. Hata ungekuwa na ya HP 20 ingeungua vilevile. Ukisikia mota ya njia tatu inanguruma haizunguki, zima papo hapo.

Na kabla ya ajali walikuwa wanalalamika mashine inazama, yaani ikiingia kwenye gogo inapungua mwendo. Nikaangalia misumeno waliyoacha ukutani. Meno butu, madogo, manane au tisa kwa inchi, ya kukatia vitu vyembamba. Mtiki una chembechembe za silika ndani ya mti wenyewe, kama mchanga, unakula meno haraka kuliko mkangazi. Minazi ni hivyohivyo, na hii nawaambia ndugu zangu wa Pangani na Mkinga mnaokata minazi iliyozeeka au iliyokufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea: ule ugumu wa nje wa mnazi utawamalizia msumeno kabla ya saa sita mchana. Kupasua gogo kunataka meno makubwa, matatu kwa inchi, yenye bonde refu la kubebea unga. Tulipofunga msumeno wa namna hiyo, umenolewa, umekazwa sawasawa, na belti mpya isiyoteleza, tukajaribu na mota ya kuazima ya HP 3. Ilipasua kipande cha inchi sita bila kuzama sana.

Nusu ya malalamiko ya "mota ndogo" yangeishia hapo. Na kama mbao zako ni za inchi nne tano, isuke upya mota yako ya zamani, ni nafuu. Ila asikudanganye mtu kwamba atakuongezea nguvu kwenye kusuka. Chuma cha ndani ni kilekile, nafasi ya waya ni ileile.

Tulivyoongeza kweli

Wao walitaka kupasua magogo ya inchi kumi, kwa hiyo HP 3 isingetosha. Tukaamua kilowati 5.5, yaani HP 7.5 ileile, lakini ya spidi 1,440. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA ndiye aliyefunga, mimi nilishika tochi. Nawapa yale yaliyotusumbua.

La kwanza ni shafti. Mota ya kilowati 5.5 ya spidi hiyo ina shafti ya milimita 38, na kitovu cha shafti kipo milimita 132 juu ya kitako. Ya zamani ilikuwa ya vipimo vya inchi, puli yake haikuingia, na matundu ya kitako hayakulingana. Tulipeleka puli Ngamiani kwa fundi wa kukereza akaipanua tundu na kuchonga njia ya ufunguo. Bamba la kitako tukalitengenezea matundu marefu ili belti iweze kukazwa. Belti moja nyembamba isingebeba nguvu ile, kwa hiyo puli zikawa za belti mbili za saizi B, vipimo vilevile vya 125 na 300. Mashine nyingine mota imefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la chini bila belti. Hiyo lazima utafute mota ya spidi ileile iliyokuwepo, 720 ama 960. Ukiweka 1,440 umerudi kwenye ajali yetu.

La pili kibati tena. Umeme wa fezi tatu ni volti 400. Kibati kikisoma 230/400, mota hiyo kwa umeme wetu inafungwa staa tu. Kikisoma 400/690 inafungwa delta, na hiyo ndiyo inayokubali stata ya staa-delta. Watu wananunua stata ya staa-delta wanaifunga kwenye mota ya 230/400. Inaanza vizuri, ikihamia delta inaungua. Sisi tulichukua ya 400/690 makusudi, kwa sababu kuwasha moja kwa moja kunavuta umeme mara sita saba ya kawaida, na laini ya kijijini haipendi. Kwenye staa mvuto unashuka hadi theluthi. Mota inakula ampea 11 hivi ikiwa na mzigo kamili, na overlodi ya kwenye stata ya staa-delta mara nyingi inakaa baada ya kugawana njia, kwa hiyo inasetiwa kama 6.4, siyo 11. Fundi wa kwanza tuliyemwita alitaka kuiweka 11. Tulimshukuru, tukamlipa nauli.

Mwenye umeme wa njia moja asikate tamaa. Ipo inverta inayopokea njia moja na kutoa njia tatu, lakini inatoa volti 230, kwa hiyo hapo ndipo mota ya 230/400 inapofungwa delta. Kwa HP 3 inafaa. Kwa 7.5 ombeni tu njia tatu TANESCO.

La tatu, na hili sikubali mjadala: ile swichi ya zamani ya kushusha mkono tuliitoa. Umeme ukikatika na kurudi, swichi ile inawasha mashine yenyewe huku mtu kaweka mkono mezani. Stata ya kontakta inaachia, mpaka mtu abonyeze tena. Tukaongeza kifaa cha kukata fezi moja ikikosekana, kitufe chekundu cha kuzimia karibu na goti la mpasuaji, na kifuniko cha bati kwenye belti. OSHA wakija hawatatukuta uchi.

Tulijaribu bila msumeno kwanza. Gurudumu likazunguka kinyume, tukabadilishana waya mbili kati ya tatu, likakaa sawa. Kumbukeni hili pia siku mafundi wa laini wakitengeneza nguzo yenu, jaribuni mzunguko kabla ya kufunga msumeno.

Mashine sasa inapasua. Yule kijana karudi, ila anasimama pembeni ya mstari wa msumeno, na amekataa kabisa kuvaa shati la mikono mirefu. Wiki ijayo nakwenda na mwenyekiti kwa afisa misitu wa wilaya kuulizia kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia, maana Sheria ya Misitu ya 2002 haijali kwamba mti ni wa kwako. Mwenye mashine ya zamani asiyeelewa kibati chake anitumie picha ya kibati na vipimo vya puli zote mbili. Usinitumie picha ya mota peke yake, haina kitu cha kuniambia.