Dualis na mlima wa Kitonga

Ukikaa gereji ya Ipogolo kama mimi, Nissan Dualis unaitambua kwa sikio kabla haijakata kona kupanda Iringa mjini. Injini inapiga mlio mkubwa, inang'ang'ania hapo hapo, na gari linafuata nyuma taratibu. Waliozoea kusikia gia zikibadilika hudhani limechoka. Halijachoka, ndivyo lilivyoundwa.

Wengi hawajui kwamba gari hili liliumbwa kwa ajili ya Ulaya, ambako linaitwa Qashqai. Nissan ilikuwa haifui dafu mbele ya Volkswagen Golf, ikaachana na Almera na kuleta gari la familia lililonyanyuka kidogo, lenye urefu wa mita 4.3 tu. Lilichorwa London, na mwishoni mwa 2006 likaanza kutoka kiwandani Sunderland, Uingereza. Japani lilifika 2007 kwa jina la Dualis. Yale ya kwanza yaliletwa kwa meli kutoka Sunderland, kisha kiwanda cha Kyushu kikapokea kazi. Uingereza na Japani wote wanaendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana yametufikia. Ya Japani yana injini moja tu, petroli ya lita 2.

Kesi iko kwenye gia boksi. Dualis nyingi za otomatiki zina CVT: badala ya gia za meno kuna puli mbili na mkanda wa chuma. Puli zikijibana na kutanuka, mkanda unapanda na kushuka. Kinachoushika ni msukumo wa oili ya gia. Oili ikiwa siyo, mkanda unateleza, chuma kinalika.

Sasa lete milima yetu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo kama hii hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu. Dereva anakandamiza mafuta zaidi. Pale Kitonga unakwama nyuma ya malori ya Tunduma, mwendo wa kinyonga, gari limejaa watu na magunia, upepo wa kupooza hakuna. Gia boksi ikipata moto sana, kompyuta inapunguza nguvu ili kuiokoa.

Mwalimu mmoja wa Mafinga alinijia.

"Kamwene, fundi. Gari linagoma Kitonga."

"Kamwene, mwalimu. Oili ya gia uliweka ipi?"

"Ile nyekundu ya kawaida."

Hiyo ndiyo kesi yenyewe. CVT hii inataka oili ya NS-2, na ni ghali, sikatai. Lakini gia boksi ni ghali zaidi. Hata huko Marekani CVT za enzi hizo zilisumbua, mpaka Nissan ikaongeza dhamana kwa magari ya 2003 hadi 2010 kufikia miaka 10 au maili 120,000.

Kushuka nako kuna adabu yake. Mteremko wa Iwambi au wa Kitonga, sogeza gia upande wa M, wa kuchagua gia mwenyewe, injini ikusaidie kushikilia gari. Wanaokanyaga breki kuanzia juu hadi chini huniletea pedi zinazonuka.

Kwa anayeishi lami, Dualis ni gari zuri. Wa Makete na Rungwe ndani nawaambia wakague kwanza kama ni ya kuvuta kwa magurudumu manne. Nyingi huvuta mbele tu, na masika hayana huruma.