Maktaba na Hekima ya Kuanza Kidogo

Utangulizi

Mwanafunzi wa theolojia anapohitimu huondoka chuoni na cheti chake na vitabu vichache. Rafu alizozizoea kwa miaka kadhaa hubaki nyuma. Huko usharikani, mbali na mji, atatayarisha mahubiri juma hadi juma kwa vitabu vilevile, hali katika maktaba ya chuo vipo vitabu ambavyo havijafunguliwa kwa miaka mingi. Je, mkutubi afanye nini? Makala haya yanakusudia kueleza njia ya kufikiri iliyoanzia kwa wafanyabiashara na kuchukuliwa na wakutubi, na kupima yatufaa kwa kiasi gani.

1. Chanzo cha fikra hii

Kampuni changa ni kundi la watu wanaoanzisha huduma mpya bila kuwa na hakika kama yupo atakayeihitaji. Mwaka 2011 Mmarekani Eric Ries alitoa kitabu chake The Lean Startup. Humo anaeleza kwamba kampuni nyingi hufa kwa sababu zimetengeneza kwa bidii kitu ambacho hakuna aliyekitaka. Shauri lake ni kuunda kwanza kitu kidogo cha majaribio, kupima jinsi watu wanavyokitumia, kujifunza, kisha ama kuendelea ama kugeuza mwelekeo. Sehemu ya mawazo hayo aliitoa katika viwanda vya magari vya Toyota huko Japani, ambako upotevu wa mali na wakati hupigwa vita.

Mfano mmoja ni wa Nick Swinmurn. Mwaka 1999 alitaka kujua kama watu wangekubali kununua viatu kwa njia ya intaneti. Hakuanza kwa kujenga ghala. Alipiga picha viatu katika maduka ya jirani na kuzionyesha. Mteja alipoagiza, alikwenda dukani kuvinunua na kumpelekea. Faida haikuwapo, lakini jibu alilipata. Kampuni ya Zappos ilitokana na jaribio hilo.

Mwaka 2012 mkutubi Brian Mathews, wa chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, aliandika waraka akiwahimiza wakutubi wenzake kufikiri hivyo: wasiridhike na kurekebisha huduma za zamani tu, bali watafute mahitaji ya wasomaji ambayo bado hayajatimizwa.

2. Si jambo geni kabisa

Wakutubi walikuwa na mbegu ya fikra hii zamani. S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati aliyeingia kazi ya ukutubi katika Chuo Kikuu cha Madras, India, mwaka 1924, alitoa sheria tano za ukutubi mwaka 1931. Ya kwanza yasema kwamba vitabu ni kwa ajili ya kutumiwa. Ya tano, kwamba maktaba ni kiumbe kinachokua. Nchini Kenya, huduma ya maktaba ya taifa ilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa. Msomaji hakuweza kulifikia jengo, basi vitabu vikamfuata alipo.

3. Jinsi ya kuifanyia kazi

Turudi kwa yule mchungaji wa usharikani.

Kwanza, mkutubi atoke nje ya jengo lake. Asimwulize mchungaji, "Je, ungependa kupata vitabu?" kwa maana kwa adabu kila mtu atajibu ndiyo. Amwulize alipokuwa akitayarisha mahubiri ya Jumapili iliyopita alikwama wapi, na alifanya nini alipokwama.

Pili, aandike dhana yake waziwazi, mathalani: "Wachungaji hawasomi kwa sababu vitabu viko mbali." Huenda si kweli. Yawezekana kikwazo ni lugha ya vitabu, au wakati, au ukosefu wa taa usiku.

Tatu, afanye jaribio dogo: sanduku moja la vitabu 20, sharika 5, miezi 3, na daftari la kuazima. Hakuna haja ya gari wala ya kungoja mfadhili.

Nne, apime kwa haki. Kuhesabu vitabu vilivyopelekwa ni kujifurahisha. Ahesabu vilivyosomwa, na aulize vilisaidia nini.

Tano, aamue. Ikiwa vitabu vya Kiswahili vimechakaa na vya Kiingereza vimerudi safi, basi umbali haukuwa kikwazo pekee. Sanduku la pili lazima liwe tofauti.

4. Mipaka yake

Hata hivyo, maktaba si kampuni. Kampuni changa ikishindwa hufungwa; maktaba imekabidhiwa amana. Kamusi ya Kiebrania au kumbukumbu za sharika za kwanza zaweza kuguswa mara moja katika miaka kumi, na siku hiyo hakuna kitu kingine kitakachofaa. Tukihukumu kwa hesabu ya waazimaji tu, tutatupa hazina. Martin Luther, katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, alihimiza wasiache juhudi wala gharama kuanzisha maktaba nzuri. Lakini alitaka vitabu vichaguliwe kwa busara, visirundikwe ovyo.

Tena, jaribio linagusa watu. Mchungaji aliyezoea sanduku, kisha likaacha kuja bila neno, ataona ametupwa mara ya pili. Kwa hiyo aambiwe tangu mwanzo kuwa ni jaribio, litakwisha lini, na matokeo yake arudishiwe.

Hitimisho

Fikra ya kampuni changa yatufundisha namna ya kuuliza kwa gharama ndogo kabla ya kujenga kwa gharama kubwa. Haitufundishi maktaba ipo kwa ajili ya nini. Hilo hatuna budi kulijua wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini yafaa kwanza kuhakikisha kibaba hakina tundu. Sanduku moja la vitabu 20 laweza kutuonyesha lilipo.