Tazama Shafti Kabla ya Mota

Kila anayetaka mashine ya kukereza mbao ya nyumbani huanza na swali lile lile: "Fundi, ninunue ya hosipawa ngapi?" Nami humrudishia langu: unataka kukereza nini? Wengi hapo hunyamaza. Wameona video ya bakuli likichomoza kutoka kwenye gogo, roho ikapenda, hesabu ya mengine haijafika.

Kwenye boksi utakuta vipimo viwili vimeandikwa kwa herufi kubwa, kipenyo na urefu. Mashine ya kuweka juu ya meza mara nyingi ina kipenyo cha sentimita 25 hadi 30, na kati ya kichwa cha mbele na kichwa cha nyuma kuna nafasi ya sentimita 40 hadi 45 hivi. Namba hizo ni za kweli, ila zinataka kusomwa kwa makini. Hiyo 30 hupimwa kutoka juu ya kitanda cha mashine. Kazi ikiwa ndefu, kuna kile kigari kinachobeba kiegemeo cha patasi, nacho kinapita chini yake na kula sentimita kadhaa. Tena mashine za zamani za Uingereza zilihesabiwa kwa kimo cha katikati ya shafti hadi kitandani, yaani nusu ya kipenyo. Ya "inchi 6" huko ndiyo hiyo hiyo Mmarekani anayoiita ya 12. Mtu asiyelijua hilo anaweza kuiacha mashine nzuri ya mtumba akidhani ni toi la watoto.

Mguu wa kitanda cha kulalia wenye sentimita 70 hautaingia kwenye mashine hii ya mezani. Unaweza kuukereza vipande viwili, ukavichomeka kwa ulimi na tundu na kuficha kiungo kwenye mfuo wa pete. Lakini kama riziki unayoiwinda ni nguzo za ngazi na miguu ya vitanda kama inayotoka kwa maseremala wa Keko, Dar es Salaam, hifadhi fedha zako, tafuta mashine kubwa ya kusimama sakafuni. Ndogo ni ya bakuli, mipini, vifuniko, kete za sataranji, vishikio vya makabati. Ukilazimika kuchagua kati ya urefu na kipenyo, chukua kipenyo. Mashine nyingi zina kipande cha kurefusha kitanda kinachouzwa kando, lakini kipande cha kuinua shafti ni nadra kukipata dukani.

Na shafti ndiyo ninayotaka uitazame kwanza, kabla ya mota na kabla ya rangi. Nililijua hili kwa hasara. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, mota inaunguruma vizuri, bei imenyooka. Siku nilipotaka kuifungia chaki (hii ya kubana kazi, si ya ubaoni) nikakuta hesi ya shafti haikubaliani na chaki yoyote niliyoipata madukani. Fundi wa chuma kule mtaa wa Gerezani akanichongea pete ya kuunganishia. Ilishika, lakini ilisukuma bakuli mbele, mbali na beringi, na kila nilipogusa ukingo kazi ilitetemeka kama mwenye homa. Niliiuza kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo nenda dukani na rula. Pima unene wa hesi inayotokeza kwenye kichwa cha mbele. Ukikuta milimita 33 na muuzaji akathibitisha kwamba njia zake zimeachana kwa milimita 3.5, hicho ni kipimo cha Ulaya. Ukikuta inchi 1 yenye njia 8 kwa kila inchi, ni cha Marekani. Vyote viwili vina chaki tele duniani. Robo tatu ya inchi nayo imezoeleka, ila ni nyembamba na inafaa kazi nyepesi. Kisha chungulia tundu lililo katikati ya shafti, lile linalosinyaa kuelekea ndani. Mdomo wake ukiwa kama milimita 18, hiyo ni ya kipimo kiitwacho Morse namba 2, ichukue. Ukiwa milimita 12, ni namba 1, na vifaa vyake ni vichache na dhaifu. Mwisho sogeza kichwa cha nyuma hadi ncha mbili zikutane. Zikipishana, usikubali kuambiwa kwamba zitajirekebisha zenyewe.

Mwendo nao una siri yake. Watu huulizia mwendo wa juu kabisa, mimi huulizia wa chini kabisa. Bakuli la sentimita 30 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 56 kwa saa, mwendo wa daladala iliyopata barabara tupu, na uso wako uko hatua moja tu kutoka hapo. Wakerezaji wana kanuni rahisi: zidisha kipenyo kwa sentimita na idadi ya mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 15,000 na 23,000. Bakuli la sentimita 25 basi linataka mizunguko 600 hadi 900, na gogo ambalo halijawa duara lianze chini zaidi ya hapo. Mashine ambayo haishuki chini ya 800 itakufaa kwa mipini na kalamu, bakuli kubwa usilijaribu.

Kubadilisha mwendo kuna njia mbili, kuhamisha mkanda kwa mkono kwenye puli au kuzungusha kitufe cha kielektroniki. Kitufe ni raha, siwezi kudanganya. Lakini kwa umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, ile bodi ndogo inayokiendesha ndiyo hufa mwanzo, na kupata nyingine ni safari. Mota ya kawaida yenye mkanda, ikiungua, mtaani hakukosekani fundi wa kuisuka upya. Ukichagua kitufe, hakikisha mashine ina puli pia, kwa kuwa mota ikipunguzwa kasi kwa kitufe peke yake hupoteza nguvu, na patasi huisimamisha kazi.

Umeme hukatika, ukarudi bila hodi. Jaribu hivi hapo hapo dukani, shafti ikiwa tupu: iwashe, chomoa plagi, irudishe. Ikianza kuzunguka yenyewe, swichi hiyo ni ya kubadilisha. Jihadhari pia na mashine ya volti 110 iliyotoka Marekani. Transfoma itashusha volti lakini haitabadilisha mapigo ya umeme, nayo mota ya kawaida iliyoundwa kwa mapigo 60 itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita kwenye 50 yetu, na joto juu.

Uzito ni rafiki. Chukua yenye kitanda cha chuma cha kusubu, uifunge kwenye meza nzito, na chini ya meza upange mifuko ya mchanga.

Usiimalize bajeti yote kwenye mashine. Chaki, kinga ya uso, jiwe la kunolea na patasi chache za haispidi hufikia bei ya mashine yenyewe kabla hujageuka. Anza na bobari moja, patasi ya kukatia na moja ya kukwangulia. Patasi za useremala ziache zikae kwenye useremala, na kamwe usinoe tupa kuukuu uifanye patasi: chuma cha tupa ni kigumu lakini hukatika kama biskuti, nacho kikikatika kinaruka. Mikono mirefu ya kanzu, skafu na glovu vivuliwe, kwani shafti haichagui cha kuzungusha.

Gogo la kwanza lisiwe mpingo, ambao ni mgumu na vumbi lake linawasha, wala mvule, wenye vumbi la kubana kifua na wakati mwingine vijiwe ndani vinavyoua makali. Kata tawi bichi la mwembe, nene kama mkono wa mtu mzima, ulifunge kati ya vichwa viwili. Bobari ikiwa kali, maganda yatatoka marefu, yenye unyevu, yakikurukia begani kama utepe. Yakianza kutoka vumbi, zima mashine urudi kwenye jiwe.