Zawadi ya Krismasi ya mkono huanza sasa, si tarehe 24

Desemba ikikaribia, mazungumzo ya stejini Garsen ni mamoja: nauli itapanda lini, na nitarudi nyumbani na nini mkononi. Anayetoka Mombasa au Malindi kwenda Ngao, Golbanti, Tarasaa au Kipini anajua kwamba ndugu wanamsubiri. Wapo wanaoamua kutorudi kabisa, si kwa kukosa nauli, bali kwa kuona haya kufika mikono mitupu. Mafuriko ya mwisho wa 2023, na yale ya masika ya 2024, yalizomba mashamba ya watu wa delta. Januari nayo ina karo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia akanunue zawadi dukani ni kumuongezea deni tu.

Huku Tana ukoo mmoja una Hamisi na una Yohana. Wapokomo wa juu, kuelekea Hola, wengi ni Waislamu. Wa chini, pande za Ngao na Golbanti ambako wamishonari walifika miaka ya 1880, wengi ni Wakristo. Basi Muislamu wa hapa ana shangazi, mjomba au mama mkwe anayesherehekea Krismasi. Kuhusu sikukuu yenyewe, kila mtu amuulize sheikh wake. Lakini kuunga udugu hakuna ubishi. Asmaa binti Abubakar alipomuuliza Mtume (SAW) kuhusu mamake ambaye hakuwa Muislamu, aliambiwa amtendee wema. Zawadi ni sehemu ya wema huo, na wahenga wametuambia kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tuna zawadi inayomea kando ya mto wetu. Tatizo ni kwamba wengi huikumbuka wiki ya mwisho, wakati haiwezekani tena.

Ukindu na miyaa

Mkindu humea penye maji, kandokando ya mto na mabwawa. Majani yake ni laini, hutoa mikeka ya kulalia, misala na kawa za kufunikia chakula. Mkoma humea hata kwenye nyika kavu. Miyaa yake ni migumu na imara, inafaa vikapu, majamvi na vipepeo vya jiko. Ukichanganya matumizi utajuta: kikapu cha ukindu mwembamba hakitabeba mahindi, na mkeka wa miyaa ya mkoma utakuchoma mgongo.

Kinachokatwa ni jani changa ambalo bado halijafunguka. Kata moja katika kila shina, uache mengine, na usiguse moyo wa mti. Anayekata moyo amevuna mara moja na kuua mti. Makindu ya delta yanapungua kwa moto na kwa kufyeka mashamba, na msukaji akiwa mharibifu pia, wajukuu watasuka plastiki.

Jani hutandazwa juani siku kadhaa mpaka ligeuke jeupe. Hapa ndipo kalenda inapotubana, kwa sababu Novemba ni mvua za vuli. Ukindu ukinyeshewa kabla haujakauka huota madoa meusi ambayo hayatoki. Uanike asubuhi, uingize ndani wingu likionekana, na usiku usiulaze juu ya sakafu yenye unyevu.

Kupasua, kutia rangi, kusuka

Likishakauka, jani hupasuliwa kwa ncha ya sindano au msumari kupata nyuzi za upana sawa. Usawa huo ndio unaotofautisha mkeka wa fundi na wa mwanafunzi. Wanaotaka rangi huchemsha nyuzi pamoja na rangi ya unga ya dukani, kisha huzianika tena kivulini. Rangi mbili zinatosha. Zikizidi, kazi inakosa utulivu.

Kabla ya kusuka, nyunyizia maji na ufunge kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu uzi mkavu hukatika. Unachosuka kwanza si mkeka bali ni ukili, yaani utepe mrefu, mara nyingi kwa nyuzi za idadi ya witiri: tano, saba, tisa na kuendelea. Ukili ukishatosha ndipo unaposhonwa, ukingo kwa ukingo, kwa sindano ya shazia na uzi wa majani hayo hayo.

Kiasi gani kinatosha? Chukua kikapu cha sokoni chenye kimo cha sentimita 30 na mdomo wa upana huo huo. Ukili wa sentimita 4 utakuzungukia kama mara nane, na kitako kikiongezwa unahitaji mita 9 hadi 10, yaani pima tano na kidogo. Anayejifunza akisuka nusu pima kila jioni, ana siku kumi za kusuka, siku mbili tatu za kushona, na moja ya kupunguza ncha na kutia vishikio. Ongeza siku za kukausha. Kikapu kimoja, basi, ni wiki tatu. Mkeka wa kulala watu wawili ni zaidi ya hapo, na anayeuanza baada ya tarehe 10 Desemba anajidanganya.

Nani apewe nini

Mama au mama mkwe mpe kawa au kikapu, kwa kuwa atavitumia kila siku. Mzee mpe mkeka wa kupumzikia alasiri. Kwa waliopoteza vyombo kwenye mafuriko, mkeka ni kitanda, nao huenda ukapokelewa kwa furaha kuliko kitu cha mapambo. Asiyejua kusuka anaweza kutengeneza upawa wa kifuu: kifuu kilichosuguliwa mpaka kiwe laini, matundu mawili, na mpini wa mti mgumu uliopita humo. Watoto wao watafurahia gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko, hasa likitengenezwa mbele yao.

Na kama huna muda wa kusuka? Nunua kwa anayesuka. Lakini agiza mapema, na usiwapigie kina mama bei kana kwamba wanauza nyanya zinazooza. Umeona hesabu hapo juu: kikapu kimoja kina jioni kumi na zaidi za mtu aliyekwisha kulima na kupika mchana. Bei inayotajwa mara nyingi hailipi hata nusu ya jioni hizo. Binti anayeona mamake akipunjwa hatakubali kujifunza, na hapo ndipo kazi hii inapofia.

Kwa hiyo wiki hii fanya mambo matatu. Andika majina ya watu wasiozidi watatu. Kata majani yako au mwone msukaji wako. Kisha mwite mtoto mmoja nyumbani akae kando yako ukianza kupasua, kwa sababu mikono inayojua kazi hii inazidi kuwa ya wazee. Zawadi ya kwanza ya mtoto huyo huenda ikawa ukili uliopinda. Mshonee kipepeo kutokana na huo huo, ampelekee nyanyake.