Mkasi mmoja watosha

Wapo wanaoshikilia kwamba ushonaji haufunziki pasipo cherehani. Kauli hiyo haina mashiko.

Kanga ni nyuzi zilizopishana, hivyo ukingo uliokatwa hufumuka. Fulana ni vitanzi vya uzi vilivyoshikana. Ukiikata, ukingo hujikunja tu. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye chaki, mkasi na fulana ya mtumba aweza kupanua shingo, kuondoa mikono au kuchana vishada upindoni bila kutia sindano. Ila apime kwanza, kisha akate kidogo kidogo, kwani maji yakimwagika hayazoleki.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulisifiwa kwa kazi za mikono, lakini shule nyingi zilikosa vifaa. Je, walimu wenzangu, hata mkasi nao tutasema haupatikani?